Sekunde Mbili za Mashine Namba Nne

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila mama goti linamsumbua akipanda ngazi, na ukimwambia aende hospitali anasema goti ni lake na ngazi ni zake. Natumaini mkaza mjomba hajambo na kuku wake wanataga. Nimeambiwa masikio yako yamezidi kuziba na simu umeitupa kabatini, basi nimerudi kwenye kalamu kama nilipokuwa shule ya bweni, ulipokuwa ukinitumia ada na kunisahihisha hesabu kwa barua.

Nina habari ambayo nimeichelewesha. Tangu mwezi uliopita nimeajiriwa kiwandani, kile kile ulichokitumikia wewe. Mama aliposikia alinipigia pasi nguo za kazi. Akasema nisikuandikie. Nimekuandikia.

Kazi yangu ni ile uliyokuwa ukiifanya: kujua kipande kimoja kinagharimu kiasi gani kabla ya kukitoa. Kuna mteja anataka bawaba za milango laki mbili, na meneja anataka bei ya moja. Chuma nimeshakipima, umeme ninao, mishahara ninayo. Kinachonishinda ni muda. Nikafungua kabati la kadi za zamani na kukutana na mwandiko wako. Nilicheka peke yangu, maana saba yako bado ina mkia uleule.

Lakini kadi ya bawaba imenitatiza. Imeandikwa "mashine namba nne", na penye muda wa kipande kimoja palikuwa na sekunde nane. Mtu ameikwangua kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyembamba, akaandika sita. Sita ni mkono wako. Ilikuwaje, Mjomba?

Mpwa wako

21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa furaha. Hapa tu wazima. Kuku mmoja ameacha kutaga, mkaza mjomba wako anadai nimemwangalia vibaya. Masikio ndiyo hayo. Daktari anasema ni ujira wa miaka ishirini na saba ya kukaa na mashine. Sisikii mlango, sisikii mvua, lakini kuna kishindo kimoja nakisikia. Kinapiga, kinanyamaza, kinapiga. Nimekipima.

Sasa kazi. Usianze na mashine, anza na chuma. Usipime bawaba, pima ukanda wote uliokatiwa, kwa sababu kile kinachoanguka chini nacho kimelipiwa. Kisu cha mashine kinanolewa kila baada ya vipande elfu arobaini, basi gawanya gharama ya kunoa kwa elfu arobaini. Nusu siku ya kufunga kisu igawanye kwa oda nzima. Katika kila mia, weka tatu zilizoharibika, hata msimamizi akikuapia kwamba ni moja. Mlinzi, taa, kodi ya jengo, chai ya meneja, vyote vimo ndani ya bawaba hiyo. Mtu akifungua mlango wake hajui kwamba ameshika chai ya meneja.

Kuhusu muda, pima mwenyewe. Kadi za zamani ni za zamani. Tumia mashine namba tatu. Namba nne achana nayo, imechoka.

Nisalimie mama yako, kama kawaida.

Mjomba

14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zako nimezifikisha. Mama alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Dirisha la chumba changu limepata kioo hatimaye. Ushauri wako umenifaa: msimamizi aliniapia ni moja katika mia, nikahesabu mwenyewe nikapata tatu na nusu.

Ila sikuweza kuachana na namba nne. Mashine za kukata ni mbili tu, na oda ni kubwa. Namba tatu nimeipima siku nzima: sekunde sita, bawaba mia sita kwa saa. Namba nne ni pacha wake, mtambo uleule, kisu kilekile. Inatoa mia nne na hamsini. Sekunde nane. Nimebadilisha waendeshaji watatu, wote nane. Fundi mitambo ameifungua mpaka sakafu ikajaa grisi, akasema haina ugonjwa wowote.

Nikakaa mbele yake na saa yangu. Mashine haichelewi, watu ndio wanaochelewa. Mwendeshaji anaweka ukanda, anatoa mkono, halafu anangoja. Hakanyagi kikanyagio. Anangoja, ndipo anakanyaga. Wakihamia namba tatu hawangoji.

Jumatatu aliletwa mwendeshaji mpya, baba wa watoto wawili, hajawahi kufanya kazi kiwandani. Nikaomba apangwe namba nne asubuhi ileile, kabla hajazungumza na yeyote. Saa ya kwanza alikwenda sita. Kufika saa nane mchana alikuwa amefika nane. Nikamuuliza, "Unangoja nini, kaka?"

Alifuta jasho, akatazama kisu. "Sijui, dada. Naona kama kuna mtu anasubiri nitoe mkono."

Mjomba, oda yote ikipita namba nne, sekunde mbili mara laki mbili ni zamu kumi na nne nzima. Meneja ananiuliza zinakwenda wapi. Na wewe nakuuliza swali langu la kwanza, hukulijibu.

Mpwa wako

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua imeezua paa la jiko, tumepikia sebuleni siku nne. Kuku ameanza kutaga.

Umeuliza mambo mengi, na karatasi niliyonayo ni hii moja. Andika nane. Muda wa namba nne ni nane, weka hivyo kwenye hesabu, bei ipande, mteja akikataa akatae. Mwambie meneja mashine ni kuukuu.

Mjomba

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimengoja nikidhani utaandika tena.

Mama hajambo. Mimi sijalala vizuri, ndiyo maana mwandiko wangu unatambaa.

Kule kwenye kufungasha kuna mama mmoja mtu mzima, yupo kiwandani miaka thelathini. Nilimnunulia soda, nikamuuliza habari za namba nne. Akasema hakuna siri, kila anayekaa pale hufundishwa na aliyemtangulia: ukishatoa mkono, hesabu moyoni moja, mbili, ndipo ukanyage. Nikamwambia yule mpya hakufundishwa na mtu. Akatikisa mabega, "Basi amefundishwa na asiye mtu." Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nikamuuliza nani aliyeanza. Akasema kulikuwa na mrefu mmoja, mcheshi, aliyekuwa akihesabu kwa sauti mpaka wanawake wa kufungasha wakawa wanamwitikia. Mzee Saa alimpigia kelele sana kwa ajili ya kuhesabu kule. "Mzee Saa ni nani?" nikauliza. "Yule wa kupima muda. Saa shingoni kama kengele ya mbuzi." Mjomba, sikujua kama ulikuwa na jina hilo. Nikasema huyo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Yule mama aliniangalia usoni kwa muda mrefu, hasa kwenye paji la uso na masikio. Akaniuliza baba yangu yuko wapi. Nikamjibu nilivyofundishwa tangu utotoni: alikufa kwa ajali ya gari nikiwa na miaka mitatu. Akaiweka chini soda yangu bila kuimaliza. Tangu siku ile ananikwepa.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza mama. Alizima jiko, akaniambia, "Muulize aliyeshika saa." Akaingia chumbani kwake.

Basi nakuuliza, na fanya haraka. Meneja amechoka. Anasema bei ya sekunde nane itatunyima oda. Jumatatu tarehe ishirini nitasimama nyuma ya yule mwendeshaji mpya na saa mkononi, yeye meneja akiwepo, na kazi yangu itakuwa kumwambia aache kungoja. Akishindwa kufika sita hana kazi. Nami nadhani sitakuwa nayo.

Mpwa wako

15 Mei

Mwanangu,

Nampa kondakta wa basi barua hii kwa mkono wangu, posta itachelewa. Usisimame nyuma yake. Soma hilo kwanza, mengine utayasoma ukiwa umekaa.

Mrefu aliyekuwa akihesabu ni baba yako. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi, nilipomwona hana kitu na amemwoa dada yangu. Namba nne ilikuwa na kinga, wavu wa chuma unaoshushwa mbele ya kisu kabla ya kukanyaga. Kuushusha na kuupandisha ni sekunde mbili. Kulikuwa na oda kubwa, na mimi niliambiwa nishushe gharama ya kipande. Nilikuwa nimeshapunguza kila kitu, ukanda nimeubana, chakavu nimeipunguza. Zilibaki sekunde hizo mbili. Nikasema wavu uondolewe. Nilisema mimi, hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka nionekane najua.

Baba yako hakugomba. Wavu ulipotoka, akaanza kuhesabu. Anatoa mkono, anasema moja, mbili, anakanyaga. Bado ikawa nane. Nikasimama nyuma yake nikamwambia, "Shemeji, hizo moja mbili zako zinatugharimu." Akanijibu, "Shemeji, mkono wangu nao una gharama, au huo haumo kwenye kadi yako?" Tukacheka wote. Siku ya pili nikasimama tena. Siku ya tatu nikamwambia asipoacha kuhesabu nitamwandika kwa meneja. Mimi, niliyekula kwake Jumapili iliyotangulia, wewe ukiwa magotini pangu.

Akaacha. Akaenda sita kwa muda wa kama nusu saa. Kisha mkono ukabaki ndani.

Kwenye gari la kwenda hospitali nilikuwa nimeufunga kwa shati langu. Hatukufika.

Jioni ile niliingia ofisini kukwangua ile nane, kwa sababu meneja wa wakati ule alitaka kadi iwe safi. Kesho yake nikasaini karatasi inayosema mwendeshaji aliondoa kinga mwenyewe, bila ruhusa. Kwa saini hiyo mama yako hakupewa hata senti moja. Aliniuliza mara moja tu kama ni kweli. Nikasema ndiyo. Hajasema nami tangu siku hiyo, na nilipoanza kutuma ada yako aliipokea bila neno, na mimi nikajidanganya kwamba ni njia ya kuzungumza.

Kile kishindo ninachokisikia kinapiga kila baada ya sekunde sita. Hakijawahi kufika nane.

Usisimame nyuma yake.

Mjomba wako

2 Juni

Barua yako ilifika Jumatano. Basi liliharibika njiani, kondakta akakaa nayo siku sita mfukoni. Nilikuwa nimeshasimama.

Nitakueleza kwa sababu una haki ya kujua, ya mengine sijui. Meneja alisimama kushoto kwangu. Mwendeshaji alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akaanza. Aliweka ukanda, akatoa mkono, akangoja. Nikamwona midomo ikitembea. Meneja akaniambia, "Mwambie aache hiyo sala yake." Nikafungua mdomo. Hapo nikasikia mtu nyuma yangu anahesabu, taratibu, sauti ya mwanamume mwenye kucheka: moja, mbili. Niligeuka. Nyuma yangu pana ukuta, umepakwa chokaa, hauko mbali hata hatua moja.

Meneja hakusikia kitu. Mwendeshaji alisikia. Nilijua kwa jinsi alivyoinua kichwa.

Nilisimamisha saa nikasema, "Muda wa mashine hii ni sekunde nane. Ndivyo nitakavyoandika." Meneja akasema mbele ya watu kwamba nimesomeshwa bure. Nilimfikiria aliyenisomesha.

Jumatano ndipo nikaisoma barua yako, kwenye ngazi, sikuweza kufika juu. Kisha nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho akaniomba nimsomee tena pale penye shati. Tu.

Nilikula ada yako miaka kumi na miwili. Nilikuita baba mbele ya wenzangu shuleni, hukujua hilo. Sasa nataka kitu kimoja. Nenda ofisi ya kazi iliyo karibu nawe, uandike yote haya na usaini kwa jina lako kamili. Wavu ule nimeukuta stoo, una kutu, nyuma ya mapipa. Namba tatu nayo haina. Mpaka leo hazina.

Bawaba hazijaanza. Zitaanza Agosti.

28 Juni

Mwanangu,

Hukunisalimu, nami sikustahili.

Nimekwenda. Mkaza mjomba wako alinisindikiza kwa ajili ya masikio. Yule ofisa ni kijana kuliko wewe, ikabidi aandike maswali yake kwenye karatasi, nami nijibu kwa mdomo. Aliandika: "Mzee, unajua kwamba unajishtaki?" Nikamwambia ndiyo maana nimevaa koti. Aliandika tena: "Kwa nini sasa?" Nilimwambia mpwa wangu amepewa saa.

Nimesaini kurasa sita. Mkaza mjomba wako alikuwa hajui lolote, alilisikia pale pale. Njia nzima ya kurudi alitazama dirishani. Ananipikia, lakini anaweka sahani mezani kama anayeweka barua.

Mjomba

9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Wakaguzi walikuja watatu, na nakala ya kurasa zako. Meneja alisema mzee amechanganyikiwa kwa uzee. Mama wa kufungasha akaacha kazi yake katikati, akaja akasimama mbele yao na aproni yake, akasema, "Mimi nilikuwepo. Niandikeni na mimi." Baada yake wakaja wengine wawili, wastaafu, sijui nani aliwaita.

Mashine zote mbili zimefungiwa kinga mpya. Nimepiga hesabu upya: sekunde nane kwa kila moja, bei ya bawaba ikapanda kidogo, kiasi ambacho mtu hawezi kununulia kiberiti. Mteja amechukua nusu ya oda, nusu nyingine amepeleka kwingine. Meneja amenihamishia stoo, nahesabu misumari. Shauri la baba limefunguliwa. Wanasema litachukua muda, huenda lisilipe. Yule mwendeshaji yupo kazini. Anasema tangu kinga ifungwe hangojwi na mtu.

Nilipita pale jana kumsalimu. Nilisimama kidogo na mgongo wangu ukutani. Palikuwa na kishindo cha mashine tu.

Ninaloandikia hasa ni mama. Ijumaa nilirudi nikakuta kitanda kimetandikwa na mkoba wake haupo. Ameacha karatasi: nisimtafute, goti litafika linakofika. Ndugu wote nimewapigia. Kama amekuja kwako, niambie. Kama hakuja, niambie vilevile.

Mpwa wako

17 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Tulia. Yupo hapa.

Alifika Jumamosi mchana, mimi nikiwa juu ya ngazi nafunga paa la jiko. Sikumsikia. Nilishuka nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, mkoba mapajani. Amezeeka, mwanangu. Nami nadhani aliniona hivyo hivyo. Hakunipa mkono. Mkaza mjomba wako alimletea maji, akayanywa yote, akaomba mengine.

Tulikaa hivyo mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa ua. Nilitaka kupiga magoti, nikaona nitakuwa najitafutia mimi. Nikabaki nimekaa. Ndipo akachukua kalamu kwenye mfuko wa shati langu, akageuza bahasha yako ya mwisho, akaandika: "Alisema nini mwisho?"

Sikukuandikia hilo kwenye barua yangu ya Mei, wala kwenye kurasa sita. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani nitakufa nalo.

Nilimwambia dada yangu hivi. Mumewe alikuwa anakwenda vizuri, sita, sita, sita, nami nyuma yake nimefurahi kama mpumbavu. Akageuza kichwa kunitazama, anatabasamu, akaniuliza, "Shemeji, sasa ngapi?" Mkono ulikuwa bado ndani. Mguu wake ulikanyaga wakati ananingojea nijibu. Kwenye gari alinitazama tu, na mimi nilimjibu. Nilimwambia, "Sita, shemeji. Ni sita." Ndilo neno nililopata la kumwambia mtu anayekufa.

Nilisema yote hayo nikimtazama machoni. Mama yako alikunja ile bahasha mara mbili, mara nne, akaishika ndani ya kiganja. Alilia kwa mwili mzima, na mimi sikusikia hata kidogo, nilimwona tu. Kisha akanishika mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku, akavitazama vidole kimoja kimoja mpaka cha mwisho, kama anayetafuta kitu chake. Akauachia.

Leo asubuhi alifagia ua. Kisha akaenda jikoni, akamnyang'anya mkaza mjomba wako mwiko. Hajasema anaondoka lini. Sijamuuliza.

Mjomba